Mizunguko Thelathini na Moja

Mota ikiungua, kazi ya kwanza ya fundi ni kuhesabu. Unafungua vifuniko viwili, unatoa rota, kile kiini kinachozunguka, unabaki na tumbo la chuma lenye nafasi thelathini na sita, na ndani ya nafasi hizo umelala waya wa shaba uliogeuka mweusi. Unazikata koili upande mmoja kwa patasi na kuzivuta upande wa pili. Kabla ya kutupa chochote unaweka koili moja mezani na kuhesabu ncha zake moja baada ya nyingine, jinsi mtu anavyochambua mchele. Idadi unayoipata ndiyo unayoirudisha. Halafu unapima unene wa waya, unaandika koili imeruka nafasi ngapi na ncha zimeungwa vipi, ndipo unapotupa.

Nimefuata kanuni hiyo kwa miaka ishirini na miwili. Sikufundishwa na mtu. Niliacha shule kidato cha pili, nikawa mfagiaji katika kiwanda kimoja huko Industrial Area, Nairobi, na nilichojifunza nilikipata kwa kutazama mafundi wa pale wakifanya kazi, kisha kwa kuzifungua mota mbovu walizozitupa. Baadaye nilinunua vitabu vikuukuu vinavyotandazwa kwenye turubai kando ya barabara mjini. Nilivisoma polepole, kamusi mkononi, vitatu kati ya hivyo hadi mwisho. Kurasa zenye fomula niliziruka. Nilijiambia kwamba fomula ni za watu wanaotengeneza mota mpya. Mimi nilikuwa narudisha tu kilichokuwapo.

Kibanda changu kiko Makina, nyuma ya safu ya maduka, karibu na msikiti kiasi kwamba sihitaji saa: vanishi niliyomimina asubuhi huwa imeshika ifikapo adhana ya alasiri. Rafuni kuna madaftari kumi na moja. Kila mota iliyopita mikononi mwangu imo humo, na idadi ya mizunguko yake. Mafundi wa Kawangware na hata wa Dagoretti hunipigia simu kuuliza: mota ya aina fulani, nguvu kadhaa, mizunguko mingapi? Nafungua daftari na kuwatajia. Sitaficha kwamba jambo hilo lilinipa fahari kuliko kitu kingine chochote nilichokuwa nacho.

Mwalimu wa chuo kikuu alinijia kwa sababu ya madaftari hayo. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, begi la kompyuta mgongoni. Alinieleza kwamba idara yao ya uhandisi wa umeme imeanza utaratibu mpya. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hafuzu mpaka akae muhula mzima na fundi wa mtaani akijifunza kazi ya mikono, sambamba na masomo yake. Kila Ijumaa fundi angetia sahihi kitabu cha kazi za wiki. Mwishoni mwanafunzi angefanya kazi moja mwenyewe, tangu kufungua hadi kufunga, na chombo hicho kifanye kazi kwa mteja siku ishirini na moja bila kurudi. Mteja angetia sahihi fomu. Bila sahihi hiyo, jina la mwanafunzi lisingeingia katika orodha ya wanaofuzu.

"Na wewe nani alikufundisha?" akaniuliza, kalamu tayari.

"Nilijifundisha."

Akaandika kitu. Sikuona alichoandika, lakini nilikitafakari wiki nzima.

Mwanafunzi alifika Jumatatu iliyofuata saa mbili kasoro. Alikuwa msichana mrefu, mkimya, nyumbani kwao magharibi mwa nchi, na alikuwa amepanga chumba Kawangware. Alikuwa ametembea kwa miguu, zaidi ya saa moja.

"Sasa mzee," alisema, kisha akajirekebisha. "Habari ya asubuhi."

Jirani yangu, mfua bati anayetengeneza majiko, aliacha nyundo hewani. "Heh! Fundi, kumbe siku hizi una wanafunzi wa yuni? Sisi tukuite nani sasa, profesa ama daktari?"

"Niite hivyo hivyo unavyoniita ukitaka kuazima koleo."

"Profesa wa Makina!" akapaza sauti kwa kila apitaye. "Leteni mapasi yenu, yatatibiwa na profesa!"

Msichana alicheka akiwa ameinama, akifunga kamba za viatu. Nilimuuliza kama aliwahi kufungua mota.

"Nimeiona."

"Wapi?"

"Kwa ukuta. Projekta." Akakaza fundo la kamba. "Ilikuwa na rangi nzuri sana, mzee. Nyekundu, buluu na manjano. Hakuna mwenye alituambia ndani ni nyeusi."

Alijifunza haraka. Wiki ya kwanza vidole vyake vilikatwa na kingo za chuma, akavifunga plasta na kuendelea. Wiki ya tatu alikuwa anazungusha koili kwenye kibao bila kupandanisha nyaya, na kuzisukuma ndani ya nafasi kwa kijiti cha mwanzi bila kuchubua vanishi yake. Nimewahi kuwafundisha vijana watano kazi hii, na wawili tu walifika hapo kabla ya mwaka kwisha. Siku za Jumanne na Alhamisi alikuwa na masomo asubuhi, akija mchana na vitabu vyake ndani ya mfuko wa plastiki. Akisubiri vanishi ikauke alisoma. Mara nyingine niliangalia alichokuwa anasoma nikazitambua zile kurasa za fomula. Nilikuwa na miaka arobaini na minane, na sikumwomba anieleze hata mstari mmoja.

Mwezi wa tatu wa muhula mama mwenye kisiagi, kinu cha kusagia mahindi, huko Gatwekera alileta mota yake kwa mkokoteni. Ni mama wa Kitui, mfanyabiashara mwenye sauti ya kusikika hata mashine ikisaga. Nusu ya vyumba vya upande wetu vinakula ugali uliotoka kwenye kinu chake, na kwangu pia.

"Fundi, hii mota imeniletea aibu," alisema akijifuta unga kwenye nyusi. "Mara ya tatu hii. Inafanya miezi mitatu, minne, inanuka moshi, imekufa. Watu wananiuliza kama ninasaga mahindi ama ninayachoma."

"Nani alifunga waya mara ya mwisho?"

"Fundi wa huko chini. Ameshahama."

Msichana alinitazama. Muhula ulikuwa umebakiza wiki sita tu, na alikuwa hajapata kazi ya kutosha kuwa yake. Mota ya nguvu za farasi kumi na tano ilikuwa inatosha. Nikamwambia mama kwamba ataifunga mwanafunzi wangu nikiwa hapo hapo nasimamia. Mama alimwangalia kutoka viatuni hadi kichwani.

"Haya. Lakini mkono uteleze mahali pengine, si kwa mashine yangu."

Aliifungua mwenyewe, akakata koili, akahesabu. Thelathini na moja. Nikahesabu nyingine mimi. Thelathini na moja. Nilimwambia aandike. Hakuandika. Alikuwa ameokota kipande kidogo cha mwanzi kutoka kwenye takataka, kile kinachozibia mdomo wa nafasi ili waya usitoke.

"Mzee, hiki si cha kiwanda. Hii imefungwa na mtu."

"Najua. Mama amesema."

"Basi thelathini na moja ni ya huyo mtu. Si ya mota."

Nilisema tunarudisha tulichokikuta. Aliandika, kalamu ikienda polepole.

Kesho yake alikuja na karatasi mbili zilizojaa hesabu. Alikuwa amepima urefu wa chuma na upana wa tundu lake kwa rula kabla hajaondoka jioni, nami sikuwa nimemwona. Alizitandaza juu ya meza yangu, akazishikilia kwa koleo ili upepo usizichukue.

"Inatoka thelathini na nane," alisema. "Na waya mwembamba kidogo kuliko huu. Mimi nafikiri yule fundi hakuwa na waya wa saizi, akatumia mnene. Ukiwa mnene haziingii zote. Kwa hivyo akapunguza."

"Unafikiri."

"Hesabu inasema, mzee."

"Hesabu imewahi kufunga mota ngapi?"

Mfua bati aligonga bati lake mara mbili. "Hapo umepigwa, dada! Rudi darasani!"

Msichana alinyoosha kidole kwenye mstari mmoja wa karatasi na kuanza kunieleza kwa utaratibu, jinsi mtu mwenye heshima anavyomweleza mkubwa wake. Mizunguko ikipungua, chuma kinabebeshwa sumaku kuliko uwezo wake, kinapata joto hata kabla mashine haijapewa kazi. Nilisikia maneno. Sikuyafuata. Baada ya sentensi ya pili nilikuwa nimepotea, na jambo pekee nililoliona wazi ni kwamba nimepotea mbele ya mwanafunzi na mbele ya jirani. Nikachukua koleo langu, karatasi zikapeperuka.

"Hapa tunahesabu," nilisema. "Hatukisii."

Alizunguka akiziokota. Kisha akaanza kutengeneza kibao cha koili, akachonga, akazungusha waya: thelathini na moja, thelathini na moja, thelathini na moja. Hakufanya kwa hasira wala kwa uzembe. Kazi ilikuwa safi kuliko yangu.

Ijumaa alinipa kitabu chake nitie sahihi. Nilikisoma, kwa kuwa sitii sahihi kitu nisichokisoma. Alikuwa ameandika yote yaliyofanyika, na chini yake, kwa penseli, mistari saba: vipimo vya chuma, fomula, jibu la thelathini na nane, na sentensi moja kwamba fundi ameshauri kubaki na idadi iliyokutwa. Sentensi hiyo haikuwa na kosa wala matusi. Lakini akilini nilimwona yule mwalimu akiisoma, na kuona kwa jicho moja kwamba mwanafunzi alijua na fundi hakujua, na kwamba fundi huyo alijifundisha.

"Hiki ni kitabu cha kazi zilizofanywa," nilimwambia. "Hii haikufanywa. Ifute ndio nitie sahihi."

"Mzee, mwalimu alisema tuandike hata—"

"Ifute."

Alitoa raba kwenye mfuko wa plastiki. Alifuta mistari yote saba akianzia chini, akapuliza vumbi lake, akanirudishia kitabu. Nikatia sahihi na tarehe. Ninaweza kusema kwa uhakika kwamba hakuna aliyenilazimisha.

Jumatatu tuliijaribu mota juu ya sakafu, bila mzigo. Ilizunguka vizuri, sauti nzito kidogo. Alifunga mita ya kukamata, ya kupimia umeme unaopita, kwenye waya mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu.

"Ampea kumi na tano. Ziko juu. Zingekuwa nane hivi."

"Mota imezeeka," nikasema.

Halafu akazungusha mita na kunionyesha kioo chake, kana kwamba labda sikuwa nimesikia. Nikamwambia akusanye vyombo.

Tuliirudisha mahali pake Gatwekera Jumatano. Mama alisaga gunia la kwanza, akachota kiganja cha unga na kuunusa, akacheka. "Haya, mtoto wa yuni. Siku ishirini na moja, nitakuwekea sahihi kubwa hata mwalimu wako ashtuke."

Kuanzia hapo msichana alipita kisiagini kila siku kabla ya kuja kwangu, ingawa ilimzungusha njia. Aliweka mkono juu ya mota. Mama aliniambia hayo baadaye: kwamba alikuwa anaweka mkono, anahesabu kimya, anautoa akiwa hawezi kuvumilia zaidi. Aliniambia pia kwamba msichana alimwomba asisage mfululizo, apumzishe mashine kila nusu saa, na mama akakubali kwa siku tatu tu, kwa sababu foleni ya wateja haiwezi kuambiwa ingoje mota ipumue. Mimi nilimwona akifika na unga kwenye viwiko, sikuuliza kitu. Naye hakuniambia. Siku ya kumi alisema tu, akiwa amenipa mgongo, kwamba mama yake ameshaomba ruhusa kazini kwake ili aje kwenye sherehe ya kufuzu. Anafanya kazi katika shamba la miwa. Hajawahi kufika Nairobi.

Siku ya kumi na sita, saa tano asubuhi, mama wa kisiagi aliingia kibandani bila salamu. Nyuma yake mkokoteni ulikuwa umesimama, na harufu ilikuwa imefika kabla yake.

"Nani alifunga hii mota?"

Msichana alikuwa amechuchumaa na brashi ya vanishi mkononi. Mfua bati aliacha kugonga. Nilikuwa na nafasi ya kusema sentensi moja kati ya mbili, na zote mbili zilikuwa za kweli. Ningeweza kusema kwamba idadi ilikuwa yangu.

"Alifunga mwanafunzi," nikasema.

"Kumbe!" Mama aligonganisha viganja. "Kumbe mashine yangu mmeifanya ubao wa kuandikia! Miaka minne unaenda chuo, msichana, miaka minne, na hujui kuzungusha waya? Wanafunza nini huko, kupaka kucha?"

"Pole mama," msichana alisema. Aliinuka. "Pole sana."

"Pole itasaga mahindi?"

Msichana alirudisha brashi kwenye mkebe wa vanishi. Hakunitazama hata mara moja, na hilo lilikuwa zito kuliko kama angenitazama.

Mwalimu alikuja Alhamisi iliyofuata. Alisikiliza, akageuza kurasa za kitabu cha kazi, akafika ile Ijumaa. Karatasi ilikuwa imechakaa kidogo mahali pale, lakini raba inaacha alama kila mahali katika vitabu vya wanafunzi.

"Kilitokea nini?" aliuliza, akimwangalia yeye.

Msichana alingoja. Ninaamini alikuwa ananingoja mimi. Nilikuwa nimeshika bisibisi, naizungusha.

"Ni kazi ya kwanza," nikasema. "Hutokea."

"Una la kuongeza?" mwalimu akamuuliza msichana.

"Sina."

Akaandika kwamba kazi haikukamilika. Alimweleza kwa upole kwamba orodha ya wanaofuzu inafungwa baada ya siku kumi na mbili, kwa hiyo siku ishirini na moja nyingine hazipatikani. Angerudia mafunzo mwaka ujao, na fundi mwingine kama angependa. Mwalimu alipoondoka, msichana alikunja ovaroli yake mara nne, akaiweka ndani ya mfuko pamoja na vitabu.

"Asante mzee kwa kunifunza," alisema. Nilitafuta kejeli katika sauti yake, sikuipata.

Niliifumua mota ile peke yangu. Nilihesabu koili zote. Kila moja ilikuwa na thelathini na moja, hakuna hata moja iliyozidi au kupungua. Kisha nilinunua waya mwembamba kama alivyokuwa amesema, nikazungusha thelathini na nane. Zilienea katika nafasi, kama kitu kilichorudi mahali pake. Nilipoijaribu bila mzigo nilifunga mita kwenye nyaya zote tatu kwa zamu, nikairudia mara mbili. Nane na nukta kidogo.

Nilikaa kwenye kigoda. Baada ya muda niliteremsha madaftari. Kumi na moja. Nilifungua la kwanza na kuanza kusoma chini, mstari baada ya mstari, nikijiuliza ni idadi zipi zilitoka kiwandani na ni zipi zilitoka kwa mtu aliyekosa waya siku hiyo. Hakuna njia ya kujua. Nilikuwa nimeandika nilichokikuta, kwa uaminifu kamili, na kwa miaka mingi nilikuwa nimewatajia wengine kwa simu. Sijui ni mota ngapi za watu ambao sitawaona ziliungua kwa ajili ya daftari langu.

Mota hiyo inasaga mpaka leo. Mama alifurahi, akanisifu mbele ya wateja, nami nikapokea sifa. Kati ya siku niliyojua na siku niliyosema zilipita wiki tano. Ninaziandika hapa kwa sababu nimezihesabu. Nilikuwa na shughuli, nilijiambia. Nilipiga simu ya msichana mara mbili, haikushikwa, nikafurahi kwamba haikushikwa.

Hatimaye nilikwenda kisiagini asubuhi moja kabla ya foleni, nikamweleza mama yote kwa mpangilio: hesabu, karatasi, mita, sahihi. Alisikiliza akiwa ameegemea gunia.

"Kwa hivyo alijua."

"Alijua."

"Na mimi nilimtusi, na wewe umesimama hapo hapo."

"Ndiyo."

Alijifuta unga mikononi. "Wewe ni mtu mzima, fundi," alisema. "Lete karatasi."

Niliandika maelezo kwa mwandiko wangu bora: kwamba idadi ya thelathini na moja ilikuwa amri yangu, kwamba mwanafunzi alikuwa amepata idadi sahihi, kwamba mota imefanya kazi tangu hapo kwa idadi yake. Mama akatia sahihi chini, kubwa kama alivyoahidi, lakini bila kicheko. Nikampigia mwalimu. Alisema orodha imefungwa kitambo, na kwamba barua ya namna hiyo lazima mwanafunzi mwenyewe aiwasilishe, ikiwa anataka.

Basi nilimtafuta. Nilijua tu kwamba anaishi upande wa Gatina, huko Kawangware. Siku ya Ijumaa nilifunga kibanda, nikafuata Barabara ya Ngong hadi Dagoretti Corner, nikapanda Naivasha Road hadi Kawangware, njia ile ile aliyokuwa akiitembea, ila mimi niliitembea mara moja. Nilianza kuuliza kwa mafundi walionijua kwa sauti ya simu. Wa tatu, ambaye pia huuza nyaya, alisema kuna msichana wa chuo ameingia kwa mchomeleaji wa madirisha, nyuma ya soko.

Nilimkuta hapo. Alikuwa amevaa ovaroli ile ile, miwani ya kuchomelea imepandishwa kwenye paji la uso, anapima nondo za dirisha kwa futi. Simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye mkebe wa rangi, ikitoa sauti ya mtu anayesoma majina.

"Sasa mzee," alisema. Hakushangaa.

"Uko salama?"

"Niko tu. Nimeanza mafunzo upya. Huyu fundi alinikubali mapema, chuo kikasema sawa, saa zitahesabiwa." Alichora alama kwa chaki. "Hapa hakuna mambo ya mizunguko. Ni kukata na kushika."

Nilimpa karatasi. Aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma yote akiwa amesimama, hata sahihi ya mama. Kisha akairudia kutoka juu.

"Umeandika hesabu ilikuwa yangu."

"Nimeandika."

"Hujaandika uliniambia nifute."

Nilianza kusema kwamba niliona si lazima, kwamba kiini cha jambo kilikuwa idadi. Sikumaliza. Alikuwa haulizi. Aliweka karatasi juu ya benchi, akasukuma misumari ili nipate nafasi, akanipa kalamu yake. Nikaandika, nimesimama, mkono ukigusa chuma chenye joto: kwamba aliandika hesabu yake kitabuni kabla ya kazi, kwamba nilikataa kutia sahihi mpaka aifute, kwamba niliogopa mwalimu wake ataona nisichokijua. Ilikuwa mistari minne. Ilinichukua muda mrefu.

Aliisoma. "Sawa," alisema, akaikunja na kuitia mfuko wa kifuani. "Nitawapelekea. Haitabadilisha ya mwaka huu."

"Wanaweza kukuita wakati wa sherehe, labda—"

"Mzee, sherehe ni leo."

Akaelekeza kidevu kwenye mkebe wa rangi. Ndipo nilipoitazama simu vizuri. Kioo kilikuwa na hema kubwa jeupe, safu za majoho meusi, na mtu jukwaani akisoma. Sauti ilikatika na kurudi. Nikamuuliza mama yake amesemaje.

"Nilimwambia wameahirisha."

Tulisikiliza. Walisoma idara ya ujenzi, kisha ya mitambo. Mwenye karakana, ambaye alikuwa akichanganya rangi pembeni, alipunguza sauti ya redio yake bila kuombwa. Ilipofika idara ya umeme, majina yalikwenda kwa alfabeti. Yalifika herufi ya jina lake, yakaipita. Msichana mmoja aliyemjua alisimama akapunga mkono, naye akatabasamu kidogo kuelekea kioo, tabasamu la kweli. Halafu majina ya idara yakaisha na watu wakapiga makofi.

Alizima simu ili kuokoa bando la intaneti. Alishusha miwani machoni, akachukua kishikio cha kuchomelea, akaniuliza kama najua njia ya kurudi. Nikasema najua. Moto ule hautazamwi kwa macho matupu, kwa hiyo niligeuka, nikaondoka.